Daftari la Mwalimu Ayikoru

Saa kumi na moja na nusu, Arua bado imejifunika shuka,
sisi tumeshachutama kwenye changarawe nyekundu,
mikono mbele, viganja juu,
kama tunaomba kitu ambacho hakuna mwenye nacho.

"Chini, Letasi. Chini zaidi.
Mpira haujui kwamba umechoka."

Mchana alitufundisha uhasibu:
safu ya kushoto, safu ya kulia,
na shilingi moja isipopatana
ukurasa mzima unaanza upya.
Alfajiri alikuja na hesabu ileile,
daftari jeusi, penseli sikioni,
filimbi imening'inia kwa kamba ya kiatu.
Mpira ukigusa ardhi mbele yako ni deni.
Deni moja, mizunguko mitano ya uwanja.
Hakuna kulipa kidogokidogo.

Magotini tulivaa mikono ya sweta kuukuu,
tuliishona mara mbili, ikatoboka mara tatu.
Driciru akasema, goti langu sasa
linaijua ardhi hii kuliko jembe la mama.
Tukacheka kimyakimya,
maana kucheka nako kulikuwa na bei.

Nilimchukia. Niseme wazi.
Nilimchukia kwenye foleni ya posho na maharagwe,
nilimchukia bwenini, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi.
Siku tuliyowafunga wageni wa Gulu seti tatu kwa bila,
wenzangu wamembeba Candiru mabegani, vumbi na vigelegele,
yeye alikuja moja kwa moja kwangu:
"Seti ya pili, pointi ya kumi na tisa. Uliutazama."
Basi.
Nilikuwa nimeokoa mipira thelathini.

Muhula wa pili mvua ya Aprili ikatutimua.
Huyu wavu, yule mipira,
mimi nikaliona daftari kwenye benchi, linalowa.
Nikalifunika kwa fulana yangu,
na jikoni, kati ya moshi na masufuria ya chuo,
nikalifungua.

*Candiru: servisi nne wavuni.*
*Onzia: anaruka mapema.*
*Letasi: 19. Anatazama.*
Kurasa kwa kurasa, sisi tunaanguka.
Halafu nyuma kabisa, kwa mwandiko uleule wa pembe kali,
jina nisilolitegemea: *Ayikoru.*

*Nilimwacha Ezaru acheze na kidole kilichovunjika. Nilijua.*
*Nilimfokea Onzia mbele ya baba yake.*
*Tarehe nane, sikuwapa maji.*

Na kando ya kila deni, vijistari vitanovitano,
vyote vimekatwa.

Nikamkumbuka askari wa geti, aliyetuapia
kwamba usiku kuna mtu hukimbia uwanjani peke yake,
nasi tukamwambia apunguze kwete.

Sikumsamehe.
Kidole cha Ezaru kilipona kimepinda,
hadi leo anashika chaki kwa namna yake mwenyewe.
Mizunguko hainyooshi mfupa.
Lakini nililianika daftari karibu na mafiga,
kurasa zikajikunja kama majani ya tumbaku,
nikampelekea kwa mikono miwili.
Akanitazama. Akazitazama kurasa.
Akajua.
Nikasubiri filimbi, adhabu, chochote.

"Mvua imekatika," akasema. "Fungeni wavu."

Uwanja ulikuwa tope, mpira mzito kama boga.
Candiru aliupiga kwa hasira zake zote
nami nikashuka, chini, chini zaidi,
mpaka kidevu kikaonja udongo.
Ulipanda. Sijui ulikwenda wapi.
Nilisikia penseli ikikwaruza karatasi mbichi
na sikuinua kichwa kuuliza
ni safu ipi.